Mkamwana Aliyerudi kutoka Uskoti

Mwaka wa hamsini na sita ukungu wa Mbeya ulikuwa hauna adabu. Ukifungua mlango alfajiri unaingia bila hodi, unakaa, unalowesha chumvi kwenye kikopo, na ukitoka unauacha mlima Loleza umesimama nje kama mtu aliyesahau kilichomleta. Asubuhi ya namna hiyo ndipo Mwalimu Subilaga alipoitwa ofisi ya elimu kuambiwa kwamba amechaguliwa kwenda Ulaya.

Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya wasichana pale mjini. Mwanamke mrefu, sauti ya chini, mwendo wa mtu aliyejitwisha maji. Wenzake walimsema kwamba anaota akiwa macho, na si uongo. Angeweza kusimama mbele ya ubao na chaki mkononi akiitazama mikaratusi inavyopepea nje, mpaka watoto wamalize kuandika, wafute, waandike tena. Lakini watoto wake walijua kusoma kabla ya watoto wa darasa la jirani, kwa hiyo wenye midomo walibaki na midomo yao.

Bwana wa elimu, Mzungu mmoja mwenye masharubu mekundu, alimweleza kila kitu akiwa amesimama. Walimu wachache wa Tanganyika wanakwenda Uingereza kuzitembelea shule za huko, wakae kwa walimu wenzao, waone wanavyofundisha. Yeye amepangiwa Uskoti, shule ndogo ya milimani.

"Wewe ni mtu wa mvua na vilima," alisema. "Hutashangaa. Na ukirudi, Iringa tunajenga shule mpya ya bweni ya wasichana. Tunataka uwe mwalimu mkuu."

Subilaga alitoka pale asijue kama anatembea au anaelea. Jailos, mumewe, fundi wa magari ya idara ya barabara, alipoambiwa alitoka chini ya lori akamkumbatia, akamwachia grisi kwenye shavu.

"Iringa nako kuna karakana," alisema. "Magari hayachagui mji wa kuharibikia. Nitaomba uhamisho." Kisha uso ukapungua mwanga. "Lakini baba?"

Hapo ndipo penye kisa.

Baba huyo, yaani baba mkwe wa Subilaga, aliitwa Sedekia. Sisi tunaweza kulitaja jina lake kwa sababu hatukuolewa kwake. Subilaga hakuweza. Kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hakai naye chini ya paa moja, hasemi naye. Akisikia anakuja anatoka njiani, anajifunika kanga, anageukia migomba mpaka hatua zimpite. Si chuki, wala si woga wa fimbo. Ni heshima, na heshima ya Kinyakyusa ina miguu, inakimbia. Wakristo wa mjini walikuwa wameanza kuilegeza, lakini mzee Sedekia alikuwa Mkristo wa shamba, kule nyuma ya mlima Rungwe. Kanisani yeye hukaa mbele, mkamwana nyuma ya nguzo, na Mungu katikati akiwaona wote wawili.

Miaka yote ya ndoa yake Subilaga alikuwa hajauona uso wa mzee yule. Alimjua kwa mgongo tu: kofia ya pama, mabega mapana yaliyoanza kuinama, na moshi wa kiko ukibaki nyuma yake katikati ya migomba kama neno alilotaka kulisema akaghairi. Lakini ng'ombe waliomleta Subilaga kwenye ukoo ule walitoka zizini kwake, na neno lake katika nyumba ya Jailos lilikuwa neno la mwisho.

Neno lenyewe lililetwa na mama mkwe. Mama mkwe si mwiko: mkamwana anaruhusiwa kukaa naye, kucheka naye, hata kugombana naye kidogo. Alishuka kwenye basi na mkungu wa ndizi kichwani, akaketi jikoni kwa mkwewe, akanywa chai, akavuta pumzi.

"Baba yenu amesema uende."

"Ndaga, Mama!" Subilaga alipiga magoti kushukuru.

"Usiharakishe kushukuru. Amesema serikali imekuita na yeye hagombani na serikali. Lakini ukirudi, chaki uiweke chini. Iringa huendi."

"Kwa nini, Mama?"

"Anasema mwanamke akivuka bahari anarudi na macho makavu. Anakutazama usoni kama mwanamume mwenzako. Anasema mwacha mila ni mtumwa, na hakutoa ng'ombe zake kununua mtumwa wa Wazungu." Mama mkwe akachovya mkate kwenye chai. "Mimi nimemwambia, mzee, macho ya mtu hayakaushwi na bahari. Bahari ni maji. Akanyamaza. Akinyamaza yule, ndiyo amepiga mhuri."

Mtu mwingine angelia. Subilaga alitazama mvuke wa chai ukipanda. Ombi kwa baba mkwe halina njia: huwezi kwenda kumpigia magoti mtu ambaye ukimwona tu unapaswa kutoroka. Alichoweza ni kwenda, arudi, aone.

Basi akaenda kutafuta koti. Dukani kwa Harilal kulikuwa na moja tu, jeusi, zito kama godoro.

"Mwalimu, hii koti ya Ulaya kabisa," alisema Harilal. "Mwenyewe alirudi kwao, akaniuzia."

"Alirudi kwao kwa Mungu," mkewe Manjula akadakia kutoka nyuma ya vitambaa. "Usidanganye mwalimu. Alikufa na malaria huko Chunya. Lakini koti haina kosa, mama. Vaa."

Subilaga akavaa. Mikono ilimfunika mpaka kwenye kucha. Akasafiri hivyo hivyo.

Safari yenyewe aliikumbuka baadaye vipande vipande, kama mtu anavyokumbuka homa. Basi likipanda na kushuka mpaka Iringa, vumbi la Dodoma, treni ikiimba wimbo mmoja mpaka Dar es Salaam. Kisha ndege. Alipochungulia dirishani aliona mawingu yamelala chini, meupe, yametulia, akawaza kumbe ndio ule ukungu wa Mbeya. Kumbe unapoondoka mlangoni asubuhi, huku ndiko unakokuja kupumzika.

Na alipofika Uskoti alijiona hajaondoka. Milima ilikuwa ile ile, ila ilikuwa kama mtu amepita akainyoa miti yote. Mvua ile ile ya kunyunyiza, isiyo na haraka. Kondoo kila mahali, mawe kila mahali, na katikati ya mawe shule yenye vyumba viwili na jiko la makaa likinguruma pembeni. Mwalimu mkuu, Bwana Makrei, alifundisha wakubwa. Mkewe, Bi Aileni, mnene, mcheshi, asiyekaa chini, alifundisha wadogo. Nyumba yao iliungana na shule kwa ukuta.

Siku ya kwanza watoto walimkodolea macho kama wa Mbeya wanavyomkodolea mgeni. Msichana mmoja mwenye nywele za rangi ya karoti akanyoosha mkono.

"Ni kweli kwenu mnalala juu ya miti?"

"Hapana," alijibu Subilaga. "Miti yetu imejaa ndizi, hakuna nafasi."

Walicheka, na kuanzia hapo wakawa wake.

Alikaa kwenye kiti cha nyuma akitazama. Kengele ya mapumziko ikilia, kila mtoto anapewa chupa ndogo ya maziwa, maskini na mwenye nacho sawasawa. Kulikuwa na sinia la mchanga na ndoo ya maji ambako wadogo walimimina na kupima mpaka wakajua wenyewe kipi ni nusu ya kipi. Lakini kilichomkaa moyoni ni kitu kidogo kuliko hivyo. Bi Aileni akiuliza swali, anangoja. Hapigi meza. Hamtaji mtoto mwingine. Anatazama nje kondoo, anangoja, na mtoto anatafuta jibu ndani ya kichwa chake kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, mpaka analitoa. Subilaga alisogeza kiti karibu. Kile ambacho wenzake Mbeya walikiita usingizi, hapa kilikuwa kazi. Akaanza kuwaona wasichana wa Iringa, ambao hakuwa anamjua hata mmoja, wamekaa mbele yake wakitafuta funguo zao, na yeye anawangoja.

Naye akawapa wale watoto cha kwao. Mvua ilipokatika alichimba vishimo kwenye ua wa shule, akaokota kokoto, akawafundisha bao. Walicheza mpaka mashavu yakawa kama nyanya. Bwana Makrei alitoka na saa yake kuwaita ndani, akachuchumaa kuuliza sheria, akasahau saa. Wakubwa wakapoteza kipindi cha jiografia, na hakuna aliyelalamika.

Lakini nyumbani kwa Bwana Makrei yalimpata makubwa.

Usiku wa kuwasili Bi Aileni alikuwa amemshika mabega akamwambia, "Hapa ni kwako. Wewe sasa ni mtu wa nyumba hii." Maneno mazuri, ya ukarimu. Subilaga alilala nayo. Ila mwili wa mtu una hesabu zake. Mwanamke mzima anayetoka mbali, anaingia kwenye nyumba ya ukoo mwingine, anakula chungu chao, anachota maji yao: mwili wa Subilaga ulijua mtu huyo anaitwaje. Anaitwa mkamwana.

Asubuhi anakoroga uji, mlango ukafunguliwa, akaingia mzee. Alikuwa baba yake Bwana Makrei, mchungaji wa kondoo wa zamani, ndevu nyeupe, fimbo, mbwa nyuma yake. Subilaga hakufikiri. Kijiko kilianguka, akatwaa taulo la vyombo akajifunika kichwa, akakimbilia chumba kidogo cha kuwekea vyakula, akafunga mlango. Ndani kulikuwa giza na harufu ya jemu na vitunguu. Alisimama humo akisubiri hatua zimpite. Hazikupita. Mzee wa watu alikuwa amekuja kunywa uji.

"Kulikoni?" Bi Aileni aligonga. "Umeumwa? Umeona panya?"

Utamwambia nini mtu? Alitoka baadaye macho chini, na mzee alikuwa ameshaondoka. Siku iliyofuata mambo yakawa vile vile, na chupa moja ya jemu ikavunjika. Mzee akafikiri mgeni anaogopa ndevu zake. Akaanza kula kwenye banda, pamoja na mbwa.

Hilo ndilo lililomwumiza Subilaga. Alimwona kupitia dirishani, mgongo umeinama juu ya bakuli, mvua ikichuruzika kwenye ukingo wa paa. Heshima yake ilikuwa imemfukuza mzee kwenye moto wake mwenyewe. Kwao, mkamwana akikimbia, mzee anabaki amekaa kama mfalme. Hapa kukimbia kule kule kulimfanya mzee ajione jini.

Alimweleza Bi Aileni wakimenya viazi, kwa Kiingereza chake cha shule. Bi Aileni alicheka mpaka machozi yakadondokea maganda. Kisha akafuta uso kwa aproni, akatoka mwenyewe mpaka bandani. Aliporudi alikuwa na sura nyingine.

"Nimemwambia. Unajua amesema nini? Amesema, 'Nimeishi katika nyumba hii maisha yangu yote na sikuwahi kuheshimiwa hivyo, hata na mbwa.'"

Toka siku hiyo mzee alikuwa akikohoa mlangoni kabla ya kuingia. Kikohozi cha adabu, kimoja, kisha anangoja. Subilaga naye anatoka kwa mlango wa pili pole pole, bila kuvunja kitu. Uji ukarudi mezani. Na yeye, akiwa barazani na mgongo ukutani, akiwasikia wote ndani wakila, alishindwa kujua yuko milima ipi. Akifumba macho, harufu ya kiko cha mzee ilimletea migomba.

Siku ya kuondoka watoto walijipanga nje ya shule, wakaimba wimbo wa kwao, mrefu na wa huzuni. Subilaga ndani ya koti la marehemu aliwapa mikono mmoja mmoja. Alipofika langoni, mzee alikuwa amesimama hapo. Hakukohoa. Alikuwa amevua kofia, mvua inamnyeshea kipara, na amenyoosha mkono.

Taulo hakukuwa na taulo. Mlango hakukuwa na mlango. Lakini si kwa sababu hiyo. Subilaga aliona kwamba mzee huyu amejifunza desturi ya watu asiowajua, ameishika mpaka siku ya mwisho, na sasa anaomba naye atazamwe kwa desturi yake. Akainua macho. Macho ya mzee yalikuwa ya rangi ya maji ya kijito. Akaupokea ule mkono.

*

Wakati wa kurudi basi lililala Iringa. Asubuhi, kabla dereva hajaamka, Subilaga alipanda kilimani kuitazama shule mpya. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha, mawe ya Iringa yaliyochongwa vizuri, na ukungu umejaa ndani ya vyumba visivyo na paa kama wanafunzi waliowahi. Msimamizi wa mafundi, Mhehe mmoja aitwaye Kalinga, alikuwa anapima kwa kamba.

"Kamwene, mama! Unatafuta kibarua?"

"Natazama tu."

Kalinga alilitazama koti, akatazama viatu. "Usiniambie wewe ndiye mwalimu mkuu tunayesikia anatoka Ulaya!"

Subilaga alipima majibu mawili. Aseme ndiye, hajaruhusiwa. Aseme siye, ataanza kuwa siye tangu hapo.

"Chumba hiki ni cha nini?" aliuliza badala yake.

"Darasa la kwanza."

Akaingia, akasimama pale utakapokuwa ubao. Kwenye uwazi wa dirisha hakukuonekana kondoo, palionekana mwamba mkubwa na mti mmoja. Panatosha, alifikiri, kwa mtu wa kungoja. Honi ya basi ikamwita.

Juma lile lile yeye na Jailos walikwenda kwa wazee nyuma ya Rungwe, maana msafiri hajafika mpaka afike kwa wakwe. Mvua ya huko ilikuwa imetulia juu ya migomba. Jailos alikwenda kwa baba yake. Subilaga aliingia jikoni kwa mama mkwe, nyumba ya mianzi iliyokandikwa udongo ambao mahali pengine ulikuwa umebanduka. Majirani wawili watatu walikuwa wameshajaa, na ndizi za kumenywa, na maswali.

Kabla hawajaanza, mama mkwe alimvuta pembeni. Subilaga alikuwa ameshamsimulia yote, mpaka la langoni.

"Sikiliza. Leo atakuja kukaa nyuma ya ukuta huu. Atajifanya anachonga mpini. Hajawahi kuchonga mpini kwenye mvua, lakini leo atachonga. Simulia ulivyokimbia ukavunja chupa. Simulia mzee wa watu alivyokohoa. Hayo yatampendeza mpaka kiko kizime. Lakini lile la mkono, mwanangu, limeze."

"Nilimeze, Mama?"

"Limeze kama kidonge. Unataka Iringa au hutaki?"

Alikuwa anaitaka Iringa. Alikuwa anaitaka mpaka usingizini alikuwa anafungua madirisha yake.

Wakaketi. Mara harufu ya kiko ikapenya kwenye mianzi, na kisu kikaanza kukwaruza mti, kwaru, kwaru. Subilaga akaupa ukuta mgongo, akajifunika kanga, akaanza kumwambia mama mkwe, kwa sauti ambayo mama mkwe hakuihitaji kuwa kubwa hivyo.

Alisimulia mawingu yaliyolala. Alisimulia milima iliyonyolewa, na watoto wa nywele za karoti, na maziwa. Majirani walisema, "Ee!" na "Mungu wangu!" Aliposimulia maswali yanayongojewa, kisu kilipunguza mwendo. Alipofika kwenye chumba cha jemu wanawake walianguka vicheko, na nyuma ya ukuta mtu alitoa sauti puani ambayo katika mtu mwingine ungeiita kicheko. Kisha banda, kisha kikohozi. Kisu kilisimama kabisa.

"Kwa hiyo huko kote," jirani mmoja alisema, "mpaka mwisho, hukumtazama?"

Mama mkwe alimkanyaga Subilaga mguu.

Sauti yake mwenyewe ilikuwa inamjia kama ya mtu mwingine, kutoka mbali, pamoja na mvua. Hakuwa na hakika tena kama mvua hii ni ya Rungwe au ya kule. Angesema ndiyo, hadithi ingeishia hapo, nzuri, safi, yenye faida. Lakini angekuwa amemwacha mzee wa watu langoni, kofia mkononi, mkono umenyooka, na yeye amempita.

"Mwisho nilimtazama," alisema. "Alivua kofia, Mama. Mvua inanyesha. Akaninyooshea mkono kama wanavyofanya kwao. Nikaupokea."

Mama mkwe aliinua macho kwenye dari, kama mwenye kuhesabu ng'ombe wakirudishwa zizini.

Ukuta ulikaa bila kusema. Subilaga hakuongeza neno, hakujitetea, hakulia. Alingoja. Aliutazama mlango, migomba ikitingisha majani yake nje, akangoja, kwa sababu kungoja alikuwa anakujua kabla hata hajapelekwa kwenda kukuona.

"Mama Jailos," sauti ikasema nyuma ya mianzi. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, na Subilaga alikuwa hajawahi kuisikia kwa karibu hivyo.

"Bee, mzee wangu."

"Mwulize. Mkono wake ulikuwaje?"

Mama mkwe aligeuka, macho yamemtoka. "Umesikia? Anauliza mkono ulikuwaje."

"Mwambie ulikuwa mgumu, Mama. Kama mpini wa jembe la siku nyingi. Una joto. Na ulikuwa unatetemeka kidogo."

Kiko kilivutwa, kikatoa moshi, moshi ukapita kwenye nyufa ukawakuta.

"Kutetemeka ni uzee," sauti ilisema. "Na wangu umeanza." Kisha akaongeza: "Angenificha hilo, ningejua amerudi na macho makavu. Huko Iringa migomba inaota?"

"Iringa?" mama mkwe alikurupuka. "Iringa ni mawe na mahindi, mzee. Na baridi."

"Mwanangu Jailos hawezi kula ugali kila siku. Atakonda. Mwambie mke wake nitampa miche akaijaribu. Asipande penye upepo. Apande nyuma ya jiko la hiyo shule yake, panapomwagwa maji."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Subilaga hakupiga. Alikuwa amelala kifudifudi ndani ya kanga, mabega yanatikisika, na mama mkwe anampiga-piga mgongoni akisema hebu jikaze, utalowesha ndizi.

Asubuhi walipokuwa wanaondoka, miche ilikuwa imelazwa mbele ya mlango wa jiko. Mzee alikuwa ameing'oa mwenyewe kabla watu hawajaamka, akaifunga mizizi kwa udongo mweusi na majani mabichi. Yeye hakuwepo. Kule mwisho wa shamba mgongo wake ulikuwa unazama katika ukungu, kofia ya pama mwisho.

Subilaga alichutama. Kwenye udongo ule, mahali ulipobanwa kuzunguka mizizi ili usimeguke njiani, vidole vilikuwa vimeacha alama pana, za kina, na moja imeyumba. Akaweka vidole vyake juu yake, kimoja kimoja, akatulia hivyo.

"Unatazama nini?" mama mkwe alimfokea, akijifuta macho kwa pembe ya kanga. "Hiyo ni migomba, si dhahabu ya Chunya. Ifunge vizuri, basi litakuacha."